Wakati wa mvula, wasitukatie rezo

Mutu wa Bukama anajua mambo mawili juu ya mwezi wa kumi na mbili. La kwanza: Lualaba inaanza kupanda. La pili: kama ni mwaka wa kura, ao kama siasa inachemka kule Kinshasa, telefone inaweza kunyamaza asubuhi moja bila mutu kutupigia hodi. Haya mambo mawili tumeyazoea, kila moja mahali pake. Muto ni wa Mungu, rezo ni ya serikali. Leo tunaomba wasomaji wetu, wale wa mu mashimo na wale wanaobaki ku nyumba, wayaweke pamoja na kuangalia namna yanavyogusana.

Chukua kalenda. Mwaka 2011, nyuma ya kura ya tarehe 28 Novemba, serikali ilifunga SMS tangu tarehe 3 Desemba. Tulikaa karibu siku 25 bila kutumiana hata neno la "nimefika salama". Mwaka 2015, watu walipoingia mu barabara juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa tarehe 20 Januari, na WhatsApp na Facebook zilichelewa kurudi mpaka Februari. Desemba 2016, mandat ya Rais Kabila ilipofika mwisho, ARPTC iliagiza kampuni za telefone zifunge hizo njia za kuzungumuza. Tarehe 30 Desemba 2017 waziri wa posta na telefone, Emery Okundji, aliandikia kampuni barua. Kesho yake, siku ya matembezi ya Wakatoliki, intaneti na SMS zilikwenda. Halafu kura ya tarehe 30 Desemba 2018: kuanzia tarehe 31 mpaka tarehe 19 Januari 2019, siku 20, inchi mzima ilikuwa gizani, na ni siku zilezile ambazo kura zilikuwa zinahesabiwa.

Tunakumbuka moja tu iliyokuja wakati wa jua: Agosti 2017, ARPTC ilipoagiza kampuni zipunguze nguvu ya kutuma picha. Kura ya Desemba 2023 ilipita bila kufunga inchi mzima, na tulishukuru. Lakini Februari 2025, nyuma ya kuanguka kwa Goma, X na TikTok zilizuiwa tena.

Desemba, Januari, Februari. Ni miezi ya mvula kwetu. Hatusemi kama mukubwa mumoja alipima mvula mbele ya kuandika barua yake. Ni kalenda ya CENI inayoangusha kura mu Desemba, na ni kura inayowapa wakubwa woga. Lakini ukikaa Bukama, sababu haibadilishe kitu. Rezo inakufa wakati muto unapanda.

Na muto wetu si kama mingine. Lualaba haianzie hapa. Inatoka kusini, inapita upande wa Kolwezi, mu ma-barrage ya Nzilo na Nseke yaliyojengwa mu miaka ya 1950, inashuka mbio kati ya mawe, na inapofika Bukama inachoka. Hapa ndipo mashua zinaanza, hapa zamani train ilipakuza muzigo na muzigo ukaendelea kwa mayi mpaka Kongolo, zaidi ya kilometa 600. Chini yetu udongo ni sawasawa kama meza: Upemba, Kisale, na maziwa madogo ambayo wavuvi wanajua majina yake. Muto wa namna ile hauruki juu ya mutu kama simba. Unapanuka. Unaingia mu shamba ya mihogo polepole, kisha mu choo, kisha mu jiko.

Ile polepole ndiyo bahati yetu. Mvula iliyoanguka leo upande wa Kolwezi haifike Bukama leo. Kuna siku katikati, na mu zile siku mutu anaweza kuhamisha mbuzi, kuvuna mihogo ambayo haijakomaa vizuri lakini ni afadhali kuliko kuoza, kutoa wazee mu nyumba ya chini, kuchemsha mayi na kuiweka mu bido. Lakini inaomba kitu kimoja: mutu wa juu ampigie mutu wa chini.

Na nani yuko juu? Watoto wetu. Vijana wa Bukama, wa Luena, wa Kabondo-Dianda, wamejaa mu mashimo ya Kolwezi na Fungurume na Kambove. Yule kijana ambaye mvula imemutoa mu shimo, anakaa chini ya bashi anangojea jua, ndiye ofisi yetu ya hali ya hewa. Anaona mayi namna inavyokuja. Anaona kama mufereji wa jana umekuwa kijito. Vocal moja ya sekunde ishirini kwa mama yake, "mama, huku imenyesha siku tatu bila kuacha", inafanya kazi ambayo mashini ya serikali haiifanye, kwa sababu mashini yenyewe ni chache sana.

Hatusemi hivi kwa kuzarau Mettelsat. Tunasema kwa sababu ya Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kivu ya Kusini, mito ilibeba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi; wafu walipita 400. Nyuma yake kikundi cha wenye elimu wa World Weather Attribution, ambao kazi yao ni kupima kama joto la dunia lilizidisha mvula fulani, walijaribu kujibu swali lile. Walishindwa. Hawakukosa akili. Walikosa vipimo, kwani stesheni za kupima mvula mu sehemu ile ni chache na daftari zina mashimo. Watu mia ine na zaidi wamekufa, na dunia haina karatasi ya kuonyesha mvula yao.

Joto la dunia lenyewe halina siri. Hewa ikipanda joto kwa digri moja, inaweza kubeba mvuke karibu asilimia 7 zaidi. Ni kama mama anayechota mayi na ndoo kubwa kuliko ya jana: ikimwagika, inamwagika mingi. Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote iliyopimwa, na mara ya kwanza dunia ilipita digri moja na nusu juu ya joto la zamani, la mbele ya viwanda kuenea. Januari ya mwaka uleule muto Congo ulifika metre 6.20 kule Kinshasa. 1961, mwaka wa mayi kubwa ambao wazee wanausimulia, ulifika metre 6.26. Sentimetre sita tu. Wakulima wetu hawangojee namba zile. Wanasema mvula ya kwanza inachelewa, kisha inakuja yote pamoja.

Sasa weka siku 20 za kimya juu ya Januari kama ile.

Infirmier wa kituo cha afya, ambaye kila juma anatuma hesabu ya wagonjwa, anabaki na karatasi mu mukono. Na kwetu karatasi ile si muchezo: Bukama, Kinkondja, Malemba Nkulu ni zone ambazo kolera inarudi kila mara, na mayi ikiingia mu vyoo inarudi mbio. Muke wa muchimbaji anangojea feza ya M-Pesa ao Airtel Money na hajui kama imetumwa, kama imepotea, ama kama bwana yenyewe ni muzima. Muuza samaki hajui bei. Kijana wa Kolwezi anaona mvula, anashika telefone, anaandika, alama inazunguka, inazunguka. Mama mumoja wa hapa alituambia kama mu Januari 2019 alikuwa anakwenda stesheni kila train ilipofika, kuuliza wasafiri kama wamemuona mutoto wake. Si habari ya vita. Ni shimo tu, na mvula, na kimya.

Serikali itajibu: tulikata kwa usalama, uwongo ulikuwa unazunguka, damu ingemwagika. Tunaikubali nusu yake. Uwongo unazunguka, kweli kabisa, na sisi wa gazeti tunaupokea kila siku, na nembo ya bandia juu, na "transférez à vos contacts" chini. Lakini uwongo haukufa rezo ilipokufa. Ulipanda baiskeli. Fikiria usiku wa mvula mutu anapita na kulia, "barrage imepasuka!" Rezo ikiwa wazi, unapigia ndugu ku Kolwezi na mu dakika tano unajua ni bule. Rezo ikiwa imefungwa, unabeba watoto mu giza na unaingia mu mayi ambayo haikukuja. Ukifunga midomo ya watu wote, mwenye uwongo anabaki peke yake na sauti.

Si sisi peke yetu. Uganda walifunga intaneti juu ya kura ya tarehe 14 Januari 2021. Tanzania, ambako watu hawakuzoea mambo haya, intaneti ilikatwa siku ya kura, tarehe 29 Oktoba 2025, na ilichukua siku kurudi. Wakubwa wanafundishana. Basi na sisi wadogo tufundishane.

Kukata ni upande moja. Upande mwingine ni kusikiliza, na huu wasomaji wanauogopa zaidi, hata kama hawausemi kwa sauti. Mukumbuke RAM. Septemba 2020 walituambia kila telefone lazima iandikishwe: dola moja kwa mwaka kwa telefone ya 2G, dola 7 kwa ya 3G na 4G, na unité zilikuwa zinatoka zenyewe mu telefone, kidogo kidogo, usiku na muchana. Watu walilia juu ya feza, na walikuwa na haki, kwa sababu muchimbaji anayenunua unité za franka 500 hakuwa ameomba kuandikishwa. Bunge likapiga kelele, na mwanzo wa 2022 RAM ikaisha. Uganda nao walikuwa na yao, shilingi 200 kila siku tangu Julai 2018 kwa kuingia WhatsApp na Facebook.

Lakini mu RAM feza haikuwa kitu kikubwa kuliko vyote, hata kama tuliandika juu yake wakati ule kila juma. Ilipoisha, feza iliacha kutoka. Namba je? Kila telefone iko na namba yake, tarakimu 15, piga *#06# utaiona (na uiandike mu daftari, itakusaidia mwizi akikupita). SIM yako iko na jina lako. Ukiunganisha namba ya chombo, jina, na antene ambayo telefone inaongea nayo, unajua mutu analala wapi na anaamukia wapi. Katiba yetu, kifungu cha 31, inasema kila mutu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya siri, na siri ya barua na ya telefone yake, na haiguswe ila pale sheria inaporuhusu. Code ya numérique ya tarehe 13 Machi 2023 iliahidi Mamlaka ya kulinda data za watu. Tunauliza kwa heshima: zile namba za RAM ziko mu sanduku gani, na funguo iko kwa nani?

Swali hili si la wasomi wa Kinshasa. Linamugusa muchimbaji pale pa kazi. Ona: mufanyakazi wa kiwanda anapita asubuhi, anaona mayi yenye rangi isiyo yake inatoka mu bomba inaingia mu kijito. Kijito kinaingia mu muto, muto unakuja kwetu. Telefone iko mu mufuko. Apige picha ao asipige? Akipiga, atume wapi? Mu kundi la watu 200 ambamo chef wake wa kazi naye yumo? Bibi yake anamwambia: baba, achana nayo, watoto wanasoma. Na hatuwezi kumuhukumu yule mama.

Tunajua watu wengi waliofuta picha. Na tunajua pia picha moja inaweza kufanya nini. Tarehe 4 Novemba 2025, mayi machafu ya bwawa la kampuni CDM yalitoka na kuingia mu makao ya watu, commune Annexe, Lubumbashi. Watu walipiga picha, picha zikazunguka, na waziri wa mine akasimamisha kazi ya kampuni. Sheria ya mine iliyobadilishwa mwaka 2018 inasema wazi: mwenye permis anapashwa kulipa hasara ambayo kazi yake imeleta kwa watu na kwa mazingira, hata kama hakukuwa na kosa. Lakini kulipa kunaomba ushuhuda, na ushuhuda wa mutu wa kawaida uko mu telefone yake. Katiba inaenda mbali zaidi. Kifungu cha 53 hakisemi tu kama tuko na haki ya mazingira safi, kinasema tuko na deni la kuyalinda. Namna gani mutu atalipa deni lile kama anaogopa kufungua mudomo mu telefone yake mwenyewe?

Woga ule una sababu. Code ileile ya 2023, kifungu cha 360, inatoa kifungo cha mwezi moja mpaka sita, na amende ya franka 500 000 mpaka milioni, kwa mwenye kuanzisha ao kusambaza habari ya uwongo juu ya mutu mu rezo za kijamii. Angalia neno kusambaza: si yule aliyetunga tu, na wewe uliyebonyeza "transférer" umo. Muandishi Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa tarehe 8 Septemba 2023, juu ya makala ya Jeune Afrique ambayo haikubeba hata jina lake. Alikatiwa miezi sita tarehe 18 Machi 2024, na alitoka kesho yake kwa sababu alikuwa amekwisha kuipitisha mu gereza. Kama muandishi anayejulikana dunia mzima alikaa vile, creuseur wa Bukama atafikiri mara ngapi?

Afikiri mara mbili, ndiyo, lakini asinyamaze. Sheria hii tunaona ni pana kupita kiasi na tunaomba bunge liipunguze. Tukingojea, tujifunze kusema namna ambayo haitupe mu mutego. Sema ulichoona, usiseme ulichosikia. "Asubuhi saa kumi na mbili na nusu, tarehe fulani, ku daraja fulani, mayi ilikuwa nyekundu, samaki watatu walikuwa wamekufa." Hapo hakuna jina la mutu, hakuna matusi, hakuna uwongo. Kisha picha mbili: moja ya karibu, moja ya mbali yenye kuonyesha mahali. Usiweke nyuso za wenzako, na za watoto hata siku moja. Ujue kama picha ya telefone inaweza kubeba saa na mahali ndani yake. Hiyo ni nguvu ukiipeleka kwa mutu unayemuamini, ni hatari ukiitupa mu kundi. Basi ile ya asili uilinde, usiifute, usiibadilishe, umpe parokia, ao avoka, ao watu wa société civile, na wao waipeleke mbele.

Vijana wanatuuliza kila mara: WhatsApp inasikilizwa? Ujumbe wa WhatsApp, tangu 2016, unasafiri umefungwa tangu kwako mpaka kwa mwenzako, na kampuni ya telefone haiusome mu njia. SMS ya kawaida na kupiga kwa kawaida haviko vile. Lakini kufuli lile la njia halikusaidie kama telefone yenyewe iko wazi juu ya meza ya bar. Weka code, si 0000, si mwaka wa kuzaliwa. Na kundi la watu 200 si siri, ni soko.

Tufike sasa ku moshi, kwa sababu tunaona msomaji fulani anatabasamu: munatuambia juu ya joto la dunia, na ninyi mu Bukama munaangalia Luena! Ni kweli. Makala ya mawe ya Luena ni ya territoire yetu, wazee wetu waliyachimba, na moto wa viwanda vya Katanga ulikula mule. Hatuone haya. Hesabu iko wazi: Mucongomani mumoja, kwa moshi wa mafuta na wa makala ya mawe, hafike hata kilo 100 kwa mwaka, Mumarekani mumoja anapita tonne 13. Tena kobalti inayotoka kwetu ndiyo inajaza batri za magari ambayo Wazungu wanasema yataponyesha dunia. Wakubwa wetu, tangu Glasgow 2021, wanaita Congo "pays solution". Mu mikutano neno ni tamu. Mu Bukama tungependa kuona solution inayofika mpaka ku mbabula.

Kwani ku mbabula ndiko kuna kazi yetu sisi, na hatuifanye kwa kumusaidia Mumarekani. Tunaifanya kwa muto wetu na kwa mufuko wetu. Kilo moja ya makala, vile tunavyoichoma mu udongo, inakula kilo 5 mpaka 10 za miti. Kila mwaka wachoma makala wanaenda mbali zaidi na gunia linapanda bei, mama anajua kuliko sisi. Miti ikitoka ku mulima, mvula inabeba udongo, udongo unaingia mu Lualaba, muto unajaa muchanga, mashua zinakwama, na mayi iliyokuwa inapita ndani inapita sasa juu, mu nyumba zetu. Hivi ndivyo sufuria ya maharagwe inavyogusana na mafuriko.

Basi maharagwe yalale mu mayi usiku moja mbele ya kupika. Sufuria ifunikwe. Mbabula yenye udongo ndani inashika moto muda murefu kuliko ile ya bati tupu, na mafundi wetu wanaweza kuitengeneza. Mwenye kuchoma makala akauke miti yake vizuri mbele ya kufunika tanuru, na asing'oe shina: miti ya pori yetu inachipuka ku shina lake, ukiiachia nafasi na usipoipitishia moto. Kuhusu moto wa pori, wazee walikuwa na akili: waliwasha mapema, mu mwezi wa tano ao wa sita, majani yakiwa bado na mayi, moto ukapita chini bila kuua. Leo vijana wanawasha mu mwezi wa tisa kwa kufuata panya, na unaua mulima muzima. Panya moja, wandugu!

Kwa creuseurs tuna neno la pembeni. Usioshe mawe yako moja kwa moja mu kijito. Chimba kishimo pembeni, matope yalale mule, mayi itoke safi kidogo. Nguzo za shimo musizikate zote mahali pamoja. Na shimo lililo karibu na kando ya muto, kama limekwisha, mulijaze. Mvula inaweza kulifungua na kubeba kando yote.

Tunaomba nini kwa serikali? Kura ingine iko mu Desemba 2028, na haitachelewa kufika. Tunaomba sasa, wakati hakuna mutu amekasirika, wabunge wa Haut-Lomami walete sheria: rezo isikatwe kwa barua ya usiku. Anayetaka kukata aende mbele ya muhukumu, aseme mahali gani, siku ngapi, kwa sababu gani, na itangazwe. Na hata hapo, SMS na kupiga viachwe, na onyo la mayi na ujumbe wa kituo cha afya vipite. Kampuni za telefone nazo zisikubali tu kama mutumishi anayepokea barua. Wanakula unité zetu, waonyeshe watu barua waliyopokea. Kwa ma-barrage ya juu tunaomba kitu kidogo: wakitaka kufungulia mayi nyingi, waambie redio za chini ya muto mbele.

Na kwa sisi wenyewe, tusingoje 2028. Ndani ya Bukama kuna phonie ku parokia na kuna train. Zamani habari ilipita kwa njia zile na ilifika. Kila mutaa wa kando ya muto upange sasa, wakati rezo iko, nani atapigia nani, na rezo ikikufa nani atatembea kwenda ku phonie.

Kuna kazi moja tunaiomba kwa kila kijiji cha kando ya Lualaba, na haiombi feza. Simika nguzo mu mayi, mahali ambapo mashua hazigonge. Ikate alama kila sentimetre kumi. Chagua mutu, mwalimu ao mutoto wa shule mwenye bidii, aisome kila asubuhi saa kumi na mbili na aandike mu daftari: tarehe, alama ya mayi, mvula ilinyesha ao hapana. Kopo la nido lililonyooka, lililowekwa wazi mbali na miti, linatosha kupima mvula kwa rula. Kila Jumamosi mututumie hesabu, na tutaichapa mu ukurasa huu, Kolwezi juu, Bukama katikati, Malemba Nkulu chini, ili kila mutu aone mayi inakuja kwake na saa ngapi. Andikeni kijiji tu, jina la mutu si lazima. Na kama Jumamosi ile rezo haiko, karatasi muipe mwenye kusafiri na train.